Maji ya Fundi Ndege

Pale Nyasubi, mjini Kahama, ukitaka kumpata Fikirini Majaliwa mwaka ule wa themanini na tano, hukuwa na haja ya kutaja jina lake. Ulisema tu Fundi Ndege, na mtu wa kwanza uliyekutana naye angekuelekeza: pita soko la nafaka, kata kushoto penye mashine ya kukoboa, utaona banda la mabati lenye fremu za baiskeli zimetundikwa. Wachache walilitamka jina hilo kwa heshima, wengi kwa kejeli, maana hakuna aliyewahi kuona ndege ikiletwa Nyasubi kutengenezwa. Zilizoletwa ni baiskeli, karabai zilizogoma kuwaka, na mara moja moja pikipiki ya bwana shamba. Mwenyewe hakujali. Mtu akimletea pancha, kabla gundi haijakauka alikuwa ameshaanza kusimulia ya Mwanza, alipokuwa kwenye ndege.

Na kweli alikuwa kwenye ndege. Hilo lisemwe mapema, asije akaonekana mzushi mtupu. Tangu mwaka sitini na nne mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka sabini na saba alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Mwanza. Ndege za siku zile zilikuwa za mapanga mawili, na mchana wa jua kali, zikiwa zimejaa watu na mizigo, zilipata shida kuinuka. Hapo ndipo yalipohitajika maji. Hayakuwa maji matupu. Yalichanganywa na methanoli, kileo kikali mfano wa spiriti lakini chenye sumu mbaya zaidi, yakatiwa kwenye tangi lake peke yake. Rubani alipokuwa anaondoka alifungulia mchanganyiko ule ukanyunyizwa ndani ya injini, na ndege ikapata nguvu ya kuruka. Bila maji hayo abiria watano au sita wangeachwa chini wakipunga mkono.

Fikirini ndiye aliyeyachanganya na kuyamimina. Alipanda ngazi na debe na faneli, akamimina, akafunga mfuniko, akashuka. Kazi yake iliishia hapo kwenye mfuniko. Injini zilikuwa na wenyewe, waliokuja na visanduku vya spana na vitambulisho vifuani, na kibarua aliyegusa hata nati moja alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Hili la kuishia kwenye mfuniko ndilo ambalo hakumwambia mtu. Mwaka sitini na sita alipokwenda Tabora kuposa, baba yake Mwanne, mzee wa Kimanyema aliyestaafu kazi ya reli, alimkalisha mkekani akamwuliza kazi yake. Akajibu kwamba yeye ni fundi wa ndege. Neno lilimtoka kirahisi tu. Mzee alikuwa ameshampokea mjumbe wa mtu mwingine, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Urambo, lakini aliposikia ufundi, tena wa ndege, mjumbe wa Urambo alirudishwa kwa maneno mazuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fikirini ilikuwa imeshatembea miaka kumi na tisa na mwisho wake ulikuwa bado hauonekani.

Mwanne aliamini kila neno. Kule Mwanza wake za wafanyakazi hawakuruhusiwa kuingia uwanjani, kwa hiyo aliziona ndege kutoka kwenye kota, zikipita juu ya nyumba, na akawaambia majirani kwamba ile inayokwenda mumewe ameishika asubuhi. Walipohamia Kahama kwenye kiwanja cha mjomba wa Fikirini, na kota na mshahara vikawa vimekwenda na Jumuiya, hakulalamika sana. Kwenye harusi na misiba alikaa na wake za makarani, mgongo umenyooka. Wanawake walipomtania kwamba ndege za mumewe zimetua wapi siku hizi, alijibu kwamba fundi hapotezi ufundi kwa kukosa chombo.

Jibu hilo lilikuwa likimchoma Fikirini kuliko kejeli zote za sokoni. Hakuogopa njaa, hakuogopa uzee. Aliogopa siku Mwanne atakapojua kwamba mwalimu wa Urambo alikataliwa kwa ajili ya mtu wa debe na faneli. Na kwa kuwa binadamu haachi kujidanganya, alijiwekea tumaini moja: kwamba siku moja atapata kazi ya ufundi kweli, kubwa, yenye watu chini yake, na hapo uongo wa mwaka sitini na sita utageuka kuwa kweli bila mtu kuumia. Alilitunza tumaini hilo miaka minane bandani akiziba pancha.

Basi mwezi wa sita mhandisi mmoja aitwaye Ignas akasimama mbele ya banda na gari dogo jekundu la Kiswidi. Ignas alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Mzinza, amesoma ng'ambo mambo ya miamba, na alikuwa akisimamia kambi ya kuchimba sampuli upande wa Geita. Gari alilinunua kwa Mswidi wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na tabo, yaani feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Kwao Uswidi, kwenye petroli safi, gari hilo lilikwenda kama risasi. Kwetu petroli ilikuwa ya mgao, na ile iliyopatikana kwa mlango wa nyuma ilikuwa imezimuliwa kwa mafuta ya taa. Tabo ikishika tu, injini inagonga. Mafundi wa Shinyanga mjini walimrudishia nyuma taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, mpaka gari likawa linapitwa na malori ya pamba.

Ignas alimwamkia shikamoo, akaeleza shida yake, na Fikirini akasikiliza. Tabo inaibana hewa, hewa iliyobanwa inapata moto, petroli mbovu inalipuka kabla ya wakati wake. Injini ilikuwa na homa, na yeye alijua kinachotuliza homa ya injini. Akamwambia mhandisi kwamba gari hili linahitaji maji, kama ndege. Ignas alimtazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alikumbuka amewahi kusoma kitu cha namna hiyo. Akasema ataliacha gari majuma mawili pamoja na dereva wake, Makoye, na kama likipona, kule kambini nafasi ya mkuu wa karakana iko wazi, na ina nyumba.

Mwanne alikuwa nyuma ya pazia. Neno nyumba lilimfikia vizuri kabisa.

Majuma mawili yale yalikuwa siku bora za maisha ya Fikirini, na inauma kusema hivyo ukijua yaliyofuata. Kuchagua namna ya kuyaingiza maji kulimnyima usingizi. Kwanza alichukua chupa ya dripu aliyoomba zahanati, na mrija wake, akaupeleka mrija kwenye bomba lililo kati ya tabo na injini. Alipokanyaga mafuta, upepo wa tabo uliyarudisha maji yote kwenye chupa, kizibo kikaruka, na shati la Makoye likalowa. Akauhamishia mrija upande wa pili, kabla ya tabo, ambako hewa inavutwa. Sasa maji yaliingia, lakini yaliingia saa zote, hata gari likiwa limesimama, na likazimika mbele ya soko likikohoa huku wauza viazi wakimtazama Fundi Ndege kwa furaha isiyofichika.

Mara ya tatu alipata. Alichukua pampu ndogo ya gari lenyewe, ile inayorusha maji ya kuoshea kioo cha mbele, akaifungia swichi chini ya pedeli ya mafuta ili maji yatoke pale tu mguu unapokandamiza hadi chini. Mdomo wa kunyunyizia aliutengeneza kwa jeti ya karabai, kile kichuma chenye kitundu chembamba kuliko unywele, na maji yakatoka kama ukungu. Akajaza chupa maji ya mvua aliyoyahifadhi tangu masika na kuyachuja. Makoye akalitoa gari barabara ya Isaka, akarudi meno yote nje, anasema halijagonga hata mara moja. Fikirini akaisogeza taiming mbele, kidogo, kisha kidogo tena, mpaka gari likapata nguvu zake za Uswidi.

Laiti angeishia hapo. Maji matupu yalitosha. Lakini jioni ile Mwanne alimpelekea chai bandani, akaitazama chupa, akauliza mbona hatii ile dawa waliyokuwa wakitia kwenye ndege, aliyomsimulia miaka yote. Fundi angejua methanoli ilikuwa ya kazi gani na kama gari hili linaihitaji. Fikirini alijua vipimo tu, sehemu nne kwa sita, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye debe. Aliona haya kusema hajui. Akasema alikuwa anasubiri kwanza maji yatulie, kesho atatia.

Methanoli haikuwepo Kahama. Kulikuwa na gongo, tena ya kutosha kurusha ndege tatu, lakini nyumbani kwa Mwanne pombe haikuvuka kizingiti. Akachagua spiriti, ile ya kuwashia karabai, akaipata kwa kuzunguka maduka manne ya dawa. Sehemu nne kwa sita. Gari likaenda vizuri zaidi, au ilionekana hivyo. Naye akawa amejitia mwenyewe katika shida mpya, kwa sababu Makoye alikuwa na pua.

Makoye alikuwa Msukuma wa Bukombe, mtu mcheshi, mnywaji asiyeficha. Aliinua chupa ile, akanusa, akafumba macho kama anayesikia ngoma ya kwao. Akauliza, "Fundi, hiki si kile kile cha Jumamosi kilabuni?"

Fikirini alimnyang'anya. Mwaka sabini na moja kibarua mwenzake, Donatus, alijificha na kopo la methanoli nyuma ya stoo ya uwanja. Siku ya pili yake alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango, na mlango ulikuwa wazi mbele yake. Fikirini ndiye aliyemshika mkono mpaka stendi ya basi, akamkabidhi kwa kaka yake, na hajawahi kulisahau lile jicho lililomgeukia kuaga likatazama pembeni. Alimweleza Makoye yote hayo. Makoye alisikitika sana, akasema masikini wee, na bado jicho lake lilikuwa kwenye chupa.

Na gari lingelala kwa Makoye siku mbili zilizofuata, kabla ya safari ya Geita. Kuifunga chupa kwa kufuli kusingefaa, kwani dereva lazima aijaze njiani. Basi Fikirini akafanya jambo ambalo mtu wa Nyasubi angelifanya bila kufikiri mara mbili, maana huku kila mama anajua namna ya kumwachisha mtoto ziwa: unapaka kitu kichungu. Alichuma majani ya mwarobaini, akayachemsha mpaka maji yakawa meusi. Mwanne alimchujia kwa kipande cha kanga, mara mbili, akimsifu kwa kumjali mtoto wa watu. Maji ya mwarobaini yakaingia kwenye spiriti, na mchanganyiko ukawa na rangi ya chai ya rangi. Alionja kwa ncha ya ulimi akatema hadi machozi yakamtoka. Aliridhika siku hiyo kuliko alivyoridhika na gari lenyewe.

Kila siku ya Mungu alikuwa akizibua jeti za karabai kwa sindano, kwa sababu ya uchafu ambao jicho haliuoni. Watu wazima walimjia na karabai zao wakiapa kwamba mafuta ni safi, naye akawacheka. Jambo hilo alilijua kama ajuavyo njia ya msikitini. Siku ile halikumjia.

Alhamisi asubuhi Ignas alifika kwa miguu kutoka gesti, akamwamkia Mwanne, akamwomba naye aje, akaione hiyo nyumba kwa macho yake. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na bomba uani. Mwanne alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa amefunga mkeka, sufuria mbili na mbuzi ya kukunia nazi. Mumewe alipomwuliza nazi Geita zitatoka wapi, alimwambia wewe tengeneza mitambo, nazi niachie mimi. Makoye akamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akamfungulia mlango wa nyuma kama mke wa mkuu wa wilaya. Majirani walitoka kutazama. Mwanne hakuwapungia mkono. Aliwaacha waone.

Mpaka Ushirombo gari lilikwenda bila tatizo. Ignas aligeuka mara kwa mara kusifu, na kila aliposifu Mwanne alimtazama mumewe kwa pembeni, na Fikirini akajiona mdogo na mkubwa kwa wakati mmoja. Ushirombo walitia petroli kutoka kwenye pipa la mtu, yenye harufu ya mafuta ya taa iliyojaa gari zima. Wakaipita Runzewe, wakashika njia ya Geita. Mbele kukatokea mwinuko mrefu na lori la magogo linalotambaa. Makoye akakanyaga hadi chini ili alipite.

Fikirini ndiye aliyesikia kwanza. Ilianza taratibu, kama bisi zinazopasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Alijua papo hapo kwamba maji hayatoki. Alijua pia kwamba taiming aliyoisogeza mbele kwa mkono wake, kwa kuyategemea maji, sasa inaipiga injini nyundo. Neno moja tu lilitakiwa: toa mguu. Lakini wakati huo Mwanne alikuwa anamwuliza mhandisi kama bomba la uani hutoa maji mwaka mzima, na Ignas anajibu, na Fikirini akanyamaza. Alijiambia huenda litaacha. Alinyamaza kwa muda wa kulipita lori, na hakuna awezaye kumtetea kwa kimya kile, hata anayempenda.

Kisha ukasikika mlio mmoja mzito, gari likapwaya, na moshi wa buluu ukajaza barabara nyuma yao.

Walisimama juu ya mwinuko. Makoye aliinua boneti, akashusha macho haraka. Mwanne aliteremsha mkeka wake akaketi kando ya njia penye kivuli cha mkungugu, akisubiri mumewe atengeneze. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alimwona amevua koti, akadhani ndiyo kazi inaanza.

Ignas hakupandisha sauti. Alifungua jeti ya karabai mwenyewe, akaielekeza kwenye jua, akafumba jicho moja. Mwanga haukupita. Akaikwangua kwa ukucha, na utelezi wa kijani ukabaki kwenye ukucha. Akafungua chupa, akanusa, akaonja, akatema.

"Hiki ni nini, mzee wangu?"

"Mwarobaini."

"Kwenye injini?"

"Kwenye chupa. Ili mtu asinywe."

Ignas alimgeukia Makoye, naye Makoye akawa anatazama tairi. Mhandisi akakaa kwenye bampa la mbele, akajifuta mikono taratibu, kama mtu anayetafuta namna ya kuuliza bila kumvunjia mtu mzima heshima. Ndipo akauliza.

"Kule Mwanza, kazi yako hasa ilikuwa nini?"

Mkeka wa Mwanne ulikuwa hatua sita kutoka pale. Fikirini angeweza kusema lolote. Uongo ulikuwa umeshaiva mdomoni, wa miaka kumi na tisa, ameuzoea kuliko meno yake. Lakini alikuwa amechoka, na pistoni ilikuwa imetoboka, na mtu huyu kijana alikuwa anamwuliza kwa upole. Akasema, "Nilikuwa namimina maji."

"Na injini?"

"Injini sikuruhusiwa kugusa."

Mwanne hakusogea. Alikuwa ameshika mbuzi ya nazi mapajani, na aliendelea kuishika.

Ignas alisema injini haimtoi machozi, injini zinakufa kila siku. Alisema hata maji yale yalikuwa wazo zuri, na kwamba amefika hapa kwa sababu yalifanya kazi. "Lakini kule kambini kuna winchi," akasema, "watu wanateremka shimoni kwa kamba. Siwezi kumpa kamba hiyo mtu anayefanya jambo asilojua sababu yake. Nisamehe, mzee." Na Fikirini, masikini, alijikuta anamwambia hapana, wewe nisamehe mimi.

Lori lile la magogo walilolipita likawafikia likitambaa. Dereva wake alikuwa anashusha magogo mbele kidogo kisha anarudi Runzewe, na pale palikuwa na lori la pamba linalorudi Kahama. Ignas alipanga kila kitu, aliwapandisha mbele pamoja na sufuria zao, akabaki na gari lake akisubiri la kulivuta. Kabla lori halijaondoka Makoye alizunguka upande wa Fikirini, akalishika dirisha, akanong'ona.

"Bhabha, jana nilionja. Kichungu kweli. Nilitema yote."

Hilo hakulisema mbele ya mhandisi, maana ana watoto watano na kazi yake anaihitaji. Fikirini aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwokolea mtu macho yake, na hakuna aliyekuwa na haja na habari hiyo.

Lori la pamba lilipata pancha mara mbili, wakalala Ushirombo, wakafika Nyasubi kesho yake adhuhuri, watu wanatoka msikitini. Njia nzima Mwanne alizungumza na dereva habari za bei ya pamba na mvua. Kwa mumewe hakuwa na neno, na haikuwa kwa hasira. Hasira Fikirini alikuwa amezizoea, Mwanne alikuwa na hasira nzuri, kali, zinazoisha kabla ya chakula. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Alipika, akamtengea, akamnawisha mikono kama kawaida. Alipomaliza kula ndipo akauliza, bila kumtazama.

"Baba alipokuuliza pale mkekani, ulikuwa umeshapanga kusema vile, au lilikutoka tu?"

"Lilinitoka tu."

"Na baadaye?"

Baadaye ilikuwa miaka kumi na tisa. Fikirini alijaribu kusema kwamba kila mwaka alitaka kumwambia. Alijaribu kusema kwamba alimpenda. Yote mawili yalikuwa kweli, na yalipotoka mdomoni mwake yalisikika sawasawa na uongo, kwa kuwa ni mdomo ule ule. Mwanne akakusanya vyombo.

Alisema tu kwamba kule kota, ndege zilipokuwa zinapita, alikuwa akiwaombea dua abiria kwa sababu mikono ya mumewe ndiyo iliyozikaza. Kila ndege. Alizihesabu kama wajibu wake. Kisha akatoka uani kuosha vyombo, na Fikirini akalia peke yake pale mkekani, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, huku amejiziba mdomo asisikike.

Hakuondoka, Mwanne. Watu wa Nyasubi walitegemea ataondoka arudi Tabora kwa kaka zake, na wengine walishaanza kusema ameonekana stendi. Angeondoka ingekuwa afadhali kwa Fikirini, maana angekuwa na la kumfuata na kumbembeleza. Alibaki. Alipika, alifua, alimwita Baba Mwahija kama alivyomwita tangu binti yao, ambaye sasa ameolewa, azaliwe. Kwenye misiba akaacha kukaa na wake za makarani, akawa anakaa jikoni kwenye moshi pamoja na wanaomenya ndizi, na alipotaniwa habari za ndege hakujibu kitu.

Jumatatu moja, majuma kadhaa baadaye, alikuja mtu na baiskeli iliyokatika mnyororo. Alikuwa mgeni, mkulima wa vijijini anayepita kwenda sokoni, hajui habari za mtu. Fikirini alikuwa nyuma ya banda, amechuchumaa, anapanga vispoku vya magurudumu kwa ukubwa ingawa havikuhitaji kupangwa. Alimsikia mgeni akipiga hodi, akimwamkia Mwanne, akiuliza kama fundi yupo.

Siku zote Mwanne alijibu swali hilo kwa sauti ya kusikika mpaka mashine ya kukoboa. Safari hii alichelewa. Fikirini akaacha vispoku, akasubiri.

"Hapa hakuna fundi, baba," Mwanne akamwambia mgeni kwa adabu. "Yupo mume wangu. Kama unataka, nimwite."

Yule mtu alisimama kidogo akifikiri. Kisha akashukuru, akageuza baiskeli yake, akaisukuma kuelekea sokoni.